Salamu Zilizoganda Ukutani

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minne. Barua ninayo, imepigwa muhuri, na ndani yake kamati inanishukuru kwa utumishi wangu na kunitakia mapumziko mema. Babu yangu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama ningependa kuchukua nafasi yake barazani, kwa kuwa yeye bado ana kazi shamba.

Nayaandika haya kwa ajili yenu wawili mliokabidhiwa ufunguo wa chumba cha baridi cha hapa Gando, pale dikoni wavuvi wanaposhushia samaki. Nimeishia shule ya msingi na mkono wangu huandika polepole, kwa hiyo nitaandika yenye kazi tu. Mshahara sitautaja, wala vyeo nilivyopanda. Habari zake ni fupi. Nataka kuwaambia juu ya ile barafu nyeupe inayoota ukutani, ambayo sisi tuliiita manyoya. Kamati itawaambia kuwa manyoya ni dalili ya baridi nzuri. Itikieni, kisha msome hapa.

Nilichaguliwa kwa ajili ya ukimya. Mwenyekiti wa kamati alisema anataka kijana asiyependa kuzungumza, maana aliyenitangulia alikuwa akimtangazia kila mpita njia nani kavua nini na nani karudi na maji matupu. Baba akasema, "Ninaye mmoja, tangu Ramadhani hajasema kitu." Nikapata kazi bila kuulizwa swali, na nadhani hata lingeulizwa nisingelijibu.

Siku ya kwanza nilivaa koti la mvua la baba na makubadhi. Aliyenipokea ni Kombo, mshika zamu ya asubuhi, mtu mwenye adabu kuliko wote Gando. Mimi nilipangiwa zamu ya mchana. Alinifungulia ule mlango mnene kama godoro, nikaingia, nikaona pumzi yangu inatoka mdomoni kama moshi. Nikafunga mdomo. Halafu nikaona ukuta wa juu ya mlango umeota kitu cheupe, kimeninginia mashungi mashungi.

"Mto umepasuka," nikamwambia Kombo.

"Mto gani, yakhe?"

"Si sufi hii?"

Kombo alicheka mpaka akatoka nje kuwaita watu waje wasikie. Mlango akauacha wazi. Watu wakaja, wakasimama kizingitini, wakacheka, wakamsalimu Kombo, wakanisalimu mimi, wakauliza hali ya baba. Sikujua wakati ule kwamba somo la kazi yangu yote lilikuwa mbele yangu. Nilikuwa natazama makubadhi yangu, kwa haya.

Walipoondoka nilichuma shungi moja. Lilikuwa kama unyoya wa njiwa hasa: lina uti katikati, na pande mbili za uti pametoka vijinyoya, na kila kijinyoya kimezaa vyake vidogo zaidi. Niliusogeza unyoya huo kwenye jicho. Ukayeyuka kidoleni kabla sijamaliza kuutazama, likabaki tone moja. Ukubwa wote ule, na maji yaliyokuwamo ni tone. Baadaye nilihudhuria vikao vya kamati, nikaukumbuka unyoya ule mara nyingi.

Sasa niwaeleze jinsi baridi ilivyokuwa ikipimwa. Kulikuwa na saa ya baridi nje ya mlango, yenye mshale. Mshale ulikuwa unaonyesha kumi na nane chini ya sifuri siku niliyoingia kazini, na ulikuwa unaonyesha kumi na nane chini ya sifuri siku niliyotoka, pamoja na wiki ile nzima umeme ulipokatika tukahamisha kila kitu. Kwa hiyo Mwenyekiti alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Kila Ijumaa kabla ya sala alikuja, akachomeka kidole cha shahada kwenye manyoya ya ukutani, akatazama yamefika pingili ya ngapi. Pingili mbili, alisema alhamdulillahi. Pingili moja, alinitazama mimi.

Maana ilijulikana kuwa manyoya huota zamu ya Kombo. Zamu yangu hayakuota. Mimi nilikuwa naona haya kusalimiana, nikisikia mtu anakuja na kikapu nilifungua, nikapokea, nikafunga, na salamu nikaijibu kupitia mlangoni. Watu walisema nina kiburi.

"Kombo analeta baridi," Mwenyekiti aliniambia Ijumaa moja, akipangusa kidole kwenye kanzu. "Wewe humo ndani unafanya nini?"

"Nafunga mlango, Mwenyekiti."

"Basi fanya bidii."

Aliyenitoa katika giza hilo ni Fundi Shaame. Alikuwa akitoka Chokocho, huko kusini, mara moja kwa mwezi, kwa pikipiki iliyokuwa mgonjwa kuliko mashine zote alizotibu. Mkoba wake ulikuwa na tochi, bisibisi tatu, na kofia ya viua isiyokwisha kushonwa pamoja na uzi wake mweupe, kwani fundi wa mafriji, alisema, nusu ya kazi yake ni kusubiri. Mara ya kwanza kukutana naye alimulika ukuta wa juu ya mlango, akaniuliza:

"Haya maji yameingilia wapi?"

"Hapajaingia maji, fundi. Paa halivuji."

"Wayaona yametanda ukuta mzima, kisha waniambia hayajaingia."

"Hii ni barafu, fundi."

"Na barafu ni nini? Biskuti?"

Akanitoa nje, akanikalisha kwenye kreti lililopinduliwa, naye akatoa kofia yake akaanza kushona, macho yakiwa mlangoni. Ilikuwa zamu ya Kombo. Akaja mzee mmoja na samaki wawili aina ya changu kwenye utepe wa ukindu. Kombo akafungua mlango, akausimamia kwa bega.

"Asalaam alaykum, Mzee Bakari."

"Wa alaykum salaam. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, yuakusalimu. Wa kwako hawajambo?"

"Hawajambo. Yule aliyekuwa na homa hajambo, ila huyu mwingine sasa ndiye aliyelala."

"Pole. Homa ile ile?"

Na kadhalika. Changu wakapokewa, mlango ukafungwa. Fundi Shaame akaninyooshea kofia nione: alikuwa amemaliza ua zima, majani na kitovu.

"Salamu moja, ua moja," akasema. "Hiyo iliyo ukutani ndiyo hali ya mama na homa ya mtoto."

Kisha akanieleza, na mpaka leo sijapata maelezo bora. Hewa yetu ya hapa, alisema, imebeba maji hata ikiwa kavu machoni. Kama unabisha, anika kanzu masika. Na pumzi ya mtu imebeba maji zaidi. Hewa ya joto hubeba mzigo mkubwa. Ikiingia kwenye baridi haiwezi tena kuubeba, lazima iutue. Na pale inapoutua, kama baridi ni kali, yale maji hayawi maji kwanza. Mvuke unakuwa barafu papo hapo.

"Haupiti kwenye maji?" nikauliza.

"Haupiti. Unaruka."

Nimewahi kuona mtoto wa mkubwa fulani akianza kazi kwa namna hiyo, kwa hiyo nilielewa.

"Lakini haushiki penye utelezi," akaendelea. "Wataka pa kuanzia. Chembe ya vumbi, mkwaruzo, uzi. Ukishashika, basi ncha ndiyo hula kwanza. Ncha imetokeza mbele, mvuke unaifikia kabla ya wengine. Ikila inarefuka, ikirefuka inafikia mvuke zaidi, inakula tena. Hata ubavuni pakitokeza kijipele, nacho kinakuwa ncha. Ndiyo ukaona matawi. Mvuke ukiwa mwingi, ncha zinakimbia, unapata unyoya. Mvuke ukiwa haba, hakuna wa kumshinda mwenzake, unapata kibati kidogo cha pembe sita, kimetulia."

Akakata nyuzi mbili za kofia. Moja akaitundika ndani karibu na mlango, ya pili mwisho kabisa wa chumba, penye feni na mabomba ya baridi, mahali alipopaita mapafu. "Saa yenu imekufa," akasema. "Soma hizi."

Mwisho alinionyesha mapafu yenyewe. Manyoya yalikuwa yamefika mpaka huko, yamejaa katikati ya mabomba. "Hapa pasiwe na kitu. Hapa ndipo chumba kinapovuta pumzi. Nyinyi mmeivisha mashine blanketi, kisha mnaisifu kwa baridi."

Alimwendea Mwenyekiti siku hiyo hiyo, nikamfuata nyuma. Alimwomba jambo moja: watu wasalimiane mlango ukiwa umefungwa. Mwenyekiti alimsikiliza kwa heshima, akamwagizia soda.

"Fundi," akasema, "mtu atoke kwake na samaki wake, afike hapa, asalimiwe na ubao?"

"Asalimiwe kwanza, halafu mlango ufunguliwe."

"Yaani tumfungie mtu mlango, ndipo tumuulize hali."

Fundi Shaame akamaliza soda yake. Njiani akaniambia kuwa mashine zote amewahi kuzitengeneza, ila hii ya leo haina spea.

Basi nikawa msoma nyuzi. Miaka sita nimezisoma, na haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Uzi wa mlangoni, zamu ya Kombo, uliota manyoya mapana kama jani la mkangaga. Uzi wa ndani, siku mlango ulipotulia, uliota vibati vidogo bapa, vya pembe sita, kama vile vya kung'aa vinavyoshonwa kwenye nguo za harusi. Na siku mashine ilipochoka na chumba kikapungua baridi, maumbo yalibadilika kabisa: zikaota sindano, nyembamba na ndefu, zimesimama kila upande wa uzi. Kwa hiyo ukiona sindano usitazame mshale. Sindano maana yake chumba kinakaribia kwenye tano chini ya sifuri, na hapo samaki wako anafikiria kulainika.

Mara moja, chini ya kreti tupu, niliona vikombe. Vilikuwa vidogo kuliko punje ya mchele, kila kimoja kina kingo sita, ndani kina ngazi ngazi kuteremka mpaka kitako. Nikamwita Kombo.

"Nani kavichonga?" akauliza.

"Hapana mtu. Vimeota."

"Mbona viko tupu katikati?"

"Mvuke unaliwa kingoni kabla haujafika katikati."

Kombo akanitazama kwa huruma, akasema mimi nakaa peke yangu sana. Lakini watu wa kisiwa cha Fundo, waliozoea kungojea vitu vinavyotumwa kutoka makao makuu, niliwaeleza mara moja tu wakaelewa.

Sasa nifike kwenye pweza.

Kule Fundo kina mama walikubaliana kuifunga miamba yao kwa miezi mitatu, mtu asivue pweza, ili wakue. Aliyewashawishi ni Bi Mize, mwanamke wa makamo, mfupi, ambaye huanza kuongea akiwa bado yumo mashuani. Miezi mitatu ilipokwisha wakafungua, wakavua kwa siku mbili, wakaja Gando wameleta pweza wa kujaza chumba. Gari ya mnunuzi ilikuwa ije siku ya tatu. Mnunuzi huyo alikuwa na desturi yake: humgonga pweza kwa ukucha. Akilia kama kigae anachukuliwa. Akibonyea anarudishwa kwa mwenyewe.

Bi Mize alinishika mkono pale mlangoni.

"Faki mwanangu, usiwaone pweza hawa. Hii ni miezi mitatu."

"Ndiyo, Bi."

"Niliwaambia watu wafunge, wakanitukana, wakafunga. Hawa wakivunda, hapana atakayenisikiliza tena. Watarudi kuchokoa vitoto mwambani mpaka pasibaki kitu."

"Ndiyo, Bi."

"Huna jingine la kusema?"

"Watalala salama, Bi."

Hilo lilikuwa jambo refu kuliko yote niliyosema mwezi ule, na nilijuta hapo hapo, kwa sababu nilijua hali ya chumba.

Wiki mbili kabla, kamati ilipata habari kuwa atakuja mgeni rasmi. Mwenyekiti aliona kwamba Pemba kuna karafuu, na mgeni ameshaziona. Kuna fukwe, ameshaziona. Lakini theluji ya Pemba hajaiona mtu. Akapiga marufuku kukwangua manyoya. Hata mapafu tusiyaguse, kwa sababu huko ndiko yalikopendeza zaidi. Kombo aliambiwa asimamie mlango muda mrefu kidogo, yapate kukua. Kombo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kufika siku ya mgeni manyoya yalikuwa yamepita kidole cha Mwenyekiti, yakahitaji rula ya shule.

Asubuhi ya siku ile, kesho yake baada ya pweza kuletwa, niliingia kutazama nyuzi. Uzi wa mlangoni: sindano. Nikaenda mwisho wa chumba, nikipita katikati ya pweza. Uzi wa ndani: sindano. Mapafu yalikuwa hayaonekani, yamekuwa pazia jeupe, na feni nyuma yake inakoroma kama mtu aliyefunikwa mto. Nikambonyeza pweza wa juu. Akabonyea.

Nikampigia Fundi Shaame.

"Yameota nini?" akauliza, bila salamu. Yeye ndiye mtu pekee Pemba aliyekuwa akinipunguzia salamu.

"Sindano."

"Nyuzi zote mbili?"

"Zote mbili."

"Chumba kinakata roho. Zima mashine, kwangua mapafu mpaka uone bomba, kisha washa, na mlango usiguswe mpaka kesho. Usitumie kisu, utatoboa. Mimi siwezi kufika, pikipiki imelala chali."

"Mgeni yuko njiani, fundi."

"Basi chagua. Kuna mgeni na kuna pweza."

Nilimwendea Mwenyekiti. Alikuwa anapanga viti. Nikamwambia chumba kinapata joto. Akanionyesha saa ya baridi.

"Soma hapo."

"Kumi na nane. Lakini mshale huo hautembei, Mwenyekiti."

"Utatembeaje, na baridi haijabadilika?"

Nikarudi nyumbani mbio, nikachukua mwiko wa mama, ule mkubwa wa shughuli. Niliporudi, mgeni ameshafika. Mlango uko wazi kabisa, na yeye amesimama kizingitini na fulana ya baridi aliyoazimwa. Ukungu mweupe ulikuwa unamwagika miguuni mwake kama maziwa. Wanapigwa picha. Mgeni alichuma unyoya, akasema tangu alipokuwa masomoni ng'ambo hajaona kitu kama hiki. Mwenyekiti akasema ni juhudi za kamati. Kisha zikaanza salamu za mgeni kwa wajumbe, mjumbe mmoja mmoja, na za wajumbe kwa mgeni, na risala ya kurasa nne ilikuwa mkononi mwa katibu.

Nyuma ya watu alikuwapo Bi Mize. Hakuwa akimtazama mgeni. Alikuwa akinitazama mimi na mwiko wangu.

"Faki," akaniita, si kwa sauti kubwa. "Pweza wangu wana nini?"

Basi nikapita katikati ya watu, nikaingia, nikageuka. Mgeni alikuwa uso kwa uso nami, amefika kwenye hali ya familia ya mjumbe wa tano.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba usogee nje kidogo."

Alidhani ni sehemu ya ratiba, akasogea. Nikavuta mlango, nikatia komeo la ndani.

Yaliyotokea nje niliyasikia kupitia tundu la bomba la kutolea maji, na mengine amenisimulia Kombo. Mwenyekiti alikuja mlangoni. Hakuweza kufoka mbele ya mgeni, kwa hiyo hasira zake zote alizivisha kanzu.

"Faki mwanangu, tunakuomba ufungue."

Nikazima mashine. Nikaanza kukwangua. Manyoya yalianguka mazito mazito, yakanijaa kichwani na kwenye kola.

"Faki, baba yako ni mtu tunayemheshimu sana."

Nikakwangua.

"Kombo, niletee nondo," akasema kwa sauti ya chini, lakini lile bomba linapitisha sauti za chini vizuri.

Hapo nikamsikia Bi Mize.

"Mwenyekiti, asalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam, Bi Mize. Samahani kidogo, hapa tuna—"

"Hujambo?"

"Sijambo, ila—"

"Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Bi mkubwa hajambo mguu wake?"

"Hajambo."

"Ule wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto haukuwa na kitu, Bi Mize."

"Alhamdulillahi. Na mdogo wake aliyeolewa Wete?"

Mnaijua Pemba. Mwanamke wa umri ule akikusalimu mbele ya mgeni rasmi, huwezi kumkata. Mwenyekiti alisimama na nondo mkononi, akajibu hali ya ukoo wake hadi kwa waliohamia Unguja. Bi Mize alipomaliza akasogea pembeni, na nyuma yake akatokea shoga yake. Kina mama wa Fundo walikuwa kumi na mmoja siku ile. Kila mmoja alikuwa na salamu zake, na wanne kati yao walikuwa na salamu walizotumwa na wengine. Wakamaliza kwa Mwenyekiti, wakahamia kwa mgeni. Kombo anasema mgeni alifurahi sana, akasema hajawahi kukutana na watu wakarimu namna hii, na kwamba mlango kufungwa lilikuwa wazo zuri kwa sababu miguu yake ilikuwa inauma kwa baridi.

Mimi huko ndani niliona bomba la kwanza, kisha la pili, kisha yote. Nilipowasha, feni ikaacha kukoroma, ikavuta pumzi ndefu. Nilikaa mbele yake mpaka meno yakagongana, nikapenya mlango kwa upana wa kiwiliwili changu na kuufunga nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wamekwenda kula biriani. Nikaweka ufunguo mfukoni, nikakaa pale, na kila aliyekuja nilimwambia kesho.

Siku ya tatu mnunuzi aligonga kwa ukucha. Pweza akalia kama kigae. Akagonga wa chini, akagonga wa kati, wote vigae. Bi Mize naye akagonga wake mmoja, ingawa hakuwa mnunuzi, akacheka peke yake. Nilitazama uzi wa ndani: zile sindano zilikuwa zimepata vibati vidogo vya pembe sita kwenye ncha zake.

Gari ilipoondoka niliitwa kikaoni. Nilisifiwa kwa muda mrefu. Kisha ikaelezwa kwamba mtu hawezi kumtoa mgeni mlangoni na salamu ikiwa kinywani mwake, akaendelea kushika mlango huo. Katibu akauliza aandike neno gani. Neno la kufukuzwa halikuandikika, kwa sababu baba yangu alikuwa amekaa pale pale, na mama yake Mwenyekiti na bibi yangu walinyonya ziwa moja. Wakafikiri. Mjumbe wa tano, yule ambaye salamu yake ilikatika, ndiye aliyepata neno.

"Aandikwe amestaafu," akasema. "Kijana amechoka."

Wote wakaafiki. Kombo alilia. Kamati ikaazimia pia kwamba manyoya ya ukutani yaachwe kwa ajili ya wageni, lakini mapafuni yakwanguliwe kila Alhamisi. Hilo la Alhamisi ndilo pensheni yangu. Lishikeni.

Nyuzi nimewaachia, ziko kwenye kopo la kahawa juu ya saa ya baridi. Mwiko mama ameutaka, itabidi mtafute wenu. Uwe wa mti, usiwe wa bati. Mkimwona Kombo amesimama na mlango begani, msimgombeze. Mwulizeni hali ya watoto, huku mkiufunga taratibu.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani, nimekaa barazani kwenye nafasi ya babu, nikasikia mtu anaongea tangu njiani. Nikaingia ndani kwa haya, kama kawaida yangu. Bi Mize akafika mpaka mlangoni.

"Hodi."

"Karibu, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Jana tumekaa kikao cha miamba," akasema. "Wamekubali kufunga tena."

"Hawakukutukana?"

"Wamenitukana. Lakini wamekubali." Kisha akajiweka sawa, akarudisha ukaya kichwani, akaanza upya kama inavyopasa. "Asalaam alaykum, Faki."

Mlango wetu ni wa mbao, hauna mpira wa kuzuia hewa wala komeo la maana, na hewa ya Gando yote iliingia na maji yake. Niliushika kwa bega, nikauacha wazi. Nikamjibu hali yangu, na ya mama, na ya baba. Alipofika kwenye mguu wa babu nikamwambia wa kulia haujambo, na wa kushoto pia haujambo.